Skripti Isiyotoka Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza! Skripti, yaani maagizo mafupi ya kompyuta, ya kuwasha programu ya maktaba iko tayari. Ukibofya, unapata orodha ya vitabu vilivyoazimwa. Ijumaa, mbele ya wageni, Mkutubi Mkuu atatangaza mkuu wa kitengo cha kompyuta. Mpinzani wangu ni mmoja tu: shemeji, mdogo wake mke wangu, anayekaa dawati la pili. Yeye ana digrii. Mimi nina akili! Nimeiandika skripti ifanye kazi ndani ya folda yangu tu. Watanihitaji milele.

Jumanne, 4 Machi
Mkutubi kaijaribu kwenye kompyuta yake. Ikasema faili halipo. Nikamwambia kompyuta yake imechoka. Akasema ilinunuliwa mwezi uliopita. Shemeji akakohoa. Kikohozi kile nakijua.

Jumatano, 5 Machi
Dawa nimeipata! Nimetengeneza folda yenye jina langu kwenye kompyuta zote kumi na moja, hata ya mlinzi. Faili likaonekana. Lakini kwa Mkutubi kuna Python mbili, ile programu inayoendesha skripti, ya zamani na mpya, na skripti ikadaka ya zamani. Makosa skrini nzima. Nikaifuta ya zamani. Kumbe printa ilikuwa inaitegemea! Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Eti nimuombe mdogo wake msaada. Thubutu!

Alhamisi, 6 Machi
Nimemuomba. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kaongeza mistari michache tu. Sasa skripti inajiuliza kwanza iko folda gani, inahamia humo, kisha inatafuta Python mpya. Ikiikosa, inasema wazi. Printa nayo kairudishia Python yake ya zamani. Tukaiwasha hata kutoka kwenye folda ya picha za harusi ya mlinzi. Ikawaka! Nikajikuta nimemkumbatia.

Ijumaa, 7 Machi
Mkutubi kabofya, orodha ikatoka, makofi! Akauliza ni kazi ya nani. Shemeji akasema ni yangu, yeye kapangusa vumbi tu. Cheo ni changu! Nimelia kidogo chooni. Nampenda sana shemeji yangu.

Jumamosi, 8 Machi
Mkuu hakai bure. Nimeandika skripti ya kadi za wanachama. Ile mistari ya shemeji sijaiweka, inachelewesha watu. Nimeielekeza moja kwa moja kwenye folda yangu, ndani ya kompyuta hii hii. Nani ataihamisha? Jumatatu naletewa kompyuta mpya ya cheo, na hii anachukua shemeji. Raha iliyoje!