Malalamiko ya Fundi Suti Dhidi ya Taa Nyekundu

Ndugu Mhariri wa Jarida la Wapenzi wa Mvuke,

Pokea salamu zangu, wewe na katibu wako, pamoja na yule mama wa mapokezi ambaye kila nikipiga simu huniambia umetoka sasa hivi. Mimi ni mzima wa afya kabisa, na hilo nalo ni sehemu ya malalamiko yangu, kama utakavyoona huko mbele.

Mimi ndiye fundi wa suti, mlango wa tatu kushoto ukishapanda ngazi, kati ya fundi redio na ile stoo isiyofunguliwa. Siku ishirini na tatu zilizopita mlinitumia kifaa nikifanyie tathmini kwa ajili ya ukurasa wenu wa mwisho, ule wa "Mzoefu Asema". Kilikuja katika boksi jeusi lenye maandishi ya rangi ya fedha: Kwa Wazoefu Tu. Nililibeba boksi hilo kifuani, nikapita polepole mbele ya mlango wa fundi redio. Kisha nikarudi nikapita tena, maana mara ya kwanza alikuwa ameinama.

Naomba nikiri jambo dogo kabla sijaanza kulaumu. Fomu yenu ya uanachama iliuliza: "Miaka ya uzoefu?" Niliandika thelathini na moja. Haikuuliza uzoefu wa nini. Mvuke nilikuwa nao kwa mwaka mmoja na miezi miwili, hiyo mingine yote ni ya kushona. Lakini mlinipa cheti cha Mzoefu Daraja la Kwanza bila kuuliza zaidi, nikakitundika juu ya kioo cha wateja, na kitu kikishatundikwa ukutani huwa kweli.

Kwa faida ya wasomaji wageni, nieleze kifaa chenyewe. Sigara za umeme, ambazo vijana huziita vepu, ziko za namna tatu. Kuna yenye ubongo kamili: ina kioo na namba, na inakufikiria kuliko unavyojifikiria. Kuna isiyo na ubongo kabisa: ukibonyeza, umeme unatoka kwenye betri kwenda moja kwa moja kwenye koili, ule waya wa kuzungusha unaopashwa moto, na likitokea la kutokea umelitaka mwenyewe. Hii mliyonitumia iko katikati. Haina kioo wala namba, ila ndani yake kuna kipande cha ubongo, ukubwa wa kifungo cha shati, ambacho kina kazi moja tu. Kazi yenyewe ni kukataa.

Mjue pia kwa nini tathmini hii ina uzito kwangu. Mke wangu alikuwa akishona vifungo na matundu yake kwenye mashine ya pili, tukitazamana, kwa miaka kumi na tisa. Nilipoacha sigara na kuingia kwenye mvuke nilidhani nimemkomboa, kumbe nimebadilisha bomba tu. Kifua chake hakikupatana na wingu langu. Mwaka jana aliipeleka mashine yake nyumbani. Hakugomba. Alisema, "Baba watoto, siku utakayochoka na moshi wako, unajua nilipo." Tangu hapo matundu ya vifungo nayatoboa mwenyewe, na wateja wameanza kuona. Nilipanga tathmini yangu ikishachapishwa nimkatie ule ukurasa, nimpelekee, aone kwamba mvuke nao una heshima zake, pengine akarudi.

Sasa malalamiko.

1. Kukataliwa mbele za watu. Siku ya kwanza nilimwalika fundi redio, fundi viatu wa pale ngazini, na mteja mmoja aliyekuja kupimwa kiuno. Nikasimama katikati ya duka, nikabonyeza kitufe. Taa nyekundu ikapepesa mara tatu. Nikabonyeza tena. Mara tatu. Mteja akauliza kama ni kipimo cha kiuno. Ndugu Mhariri, mimi kukataliwa nimekuzoea. Wazazi wa mke wangu walinikataa mara mbili kabla ya kukubali, lakini wao walau walinikaribisha kiti kwanza.

2. Kijitabu cha maelekezo. Kina kurasa arobaini. Sikukisoma, kwa sababu mzoefu hasomi kijitabu. Na kwa kuwa sikukisoma, nina haki ya kusema kimeandikwa vibaya, maana kingeandikwa vizuri kingenivutia nikakisoma. Kwa sasa kiko chini ya mguu mmoja wa meza ya kukatia, na meza imeacha kutikisika. Hapo nawapongeza.

3. Dharau kwa koili zangu. Mlisema mzoefu hujizungushia koili mwenyewe. Nimezungusha kumi na moja. Nilitumia sindano nene ya kushonea jinzi, mizunguko minane, waya umelala sawasawa kama uzi kwenye bobini, nikapitisha pamba katikati. Kila ncha ya waya niliiacha ndefu kwa nusu kidole, nikaikunja kwa ndani, ikalala vizuri kwenye ukuta wa kile kikombe cha chuma kilicho juu ya kifaa, koili inamokaa. Hiyo ndiyo kanuni yangu ya miaka yote: usikate kitu sawa na kipimo. Kila suruali iliyotoka mikononi mwangu ina kitambaa cha ziada ndani ya mshono, kinamsubiri mwenyewe anenepe. Akiba haiozi. Karani mmoja wa mahakama alipoziona koili zile alidhani ni hereni, akauliza kama nina jozi. Halafu kifaa chenu, kisichojua kushona hata kifungo, kinazikataa zote kumi na moja! Nimefikia uamuzi kwamba koili zangu zimekizidi uwezo.

4. Fomu ya tathmini inalazimisha watu waseme uongo. Haina mahali pa kuandika "hakikuwaka". Ina vipengele vitano, na chini mmeandika kwamba kisiachwe kipengele kitupu. Mimi fomu naiheshimu. Kwenye ladha nilifungua chupa ya maji ya nanasi, yale yanayogeuzwa mvuke, nikanusa, nikaandika: "Nanasi limechumwa kabla ya wakati." Kwenye wingi wa mvuke niliwasha pasi yangu ya mvuke, nikalipima wingu kwa futi ya utepe, kisha nikapunguza theluthi kwa kuwa pasi ni kubwa. Kwenye mshiko nilisema kweli tupu: kinashikika vizuri sana, hasa mtu akiwa na hasira.

5. Kuharibiwa tabia. Kanuni yenu inasema mtathmini asiguse kifaa kingine chochote hadi amalize, ulimi wake usije ukachanganya ladha. Nilitii. Kile changu cha zamani nilimkabidhi katibu kwa mkono wangu, naye akakifungia kabatini. Katika wiki ya kwanza kichwa kiliniuma, mikono ikakosa kazi, nikagombana na mkasi. Nikamwambia mteja mwenye bega moja chini akalinyanyue kwanza bega ndipo alete koti. Nilitafuna peremende, nikatafuna kalamu, na siku moja nikatafuna chaki ya kuchorea nikidhani ni peremende. Sijawahi kuwa mtu wa hivyo. Kifaa chenu ndicho kilichonifikisha hapo, na ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, kwa sababu wiki ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

6. Kuharibiwa pua. Sasa nanusa kila kitu. Nimegundua kwamba fundi redio hukaanga mayai nyuma ya redio zake kila saa nne asubuhi, na kwa mwaka mzima hajawahi kunikaribisha. Nimegundua kwamba joho la hakimu, lililoletwa kwangu kubadilishwa bitana, linanukia nanasi, na kwamba makoti yote yaliyotundikwa dukani yananukia nanasi, na vanila, na kitu kingine ambacho mteja wa Jumanne alikiita sharubati. Miaka yote nilijua wateja wanakunja pua kwa sababu ya majivuno yao. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa sioni wala sinusi. Nimelazimika kufua makoti kumi na manne ya watu kwa mkono.

7. Kupoteza rafiki. Jengo letu lina vidato ishirini na sita vya ngazi. Zamani nikifika cha kumi na tatu nilisimama kuvuta pumzi, nikijifanya nimekuja kumsalimia fundi viatu anayekaa hapo, na urafiki wetu ulizaliwa kwa njia hiyo. Wiki iliyopita nilipanda vyote bila kusimama. Nilikumbuka kumsalimia nilipokwisha kufika juu. Ameudhika, anasema tangu nipewe lile boksi jeusi siku hizi simjui mtu.

8. Tumbo. Chakula kimekuwa na ladha. Sina la kuongeza hapa, ila ile akiba ya kwenye mshono wa suruali yangu mwenyewe nimeifumua juzi.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo kwa unyenyekevu. Kifaa kipewe nyota moja, nayo iwe ya boksi. Niletewe vingine viwili ndani ya siku kumi na nne, na viwe vya ile namna isiyo na ubongo kabisa, kwa kuwa ubongo uliopo dukani humu unatosha. Kile kipande chenye ukubwa wa kifungo cha shati kiniombe radhi kwa maandishi, na kama hakijui kuandika, katibu akiandikie. Mwisho, jarida limwandikie mke wangu barua yenye muhuri, kumthibitishia kwamba mumewe anajua anachokifanya.

Nisalimie wote hapo ofisini, nisalimie na wapenzi wote wa mvuke, hata yule aliyeandika toleo lililopita kwamba mafundi wa nguo tusipewe vifaa. Mwambie tutaonana.

Mimi mwanachama wenu, mwenye cheti, nisiyewaka,

Fundi wa suti, mlango wa tatu kushoto.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimekwisha kuilamba, nimeifungua tena, mtanisamehe kwa mchaniko.

Fundi redio aliingia kuazima uzi. Nikampa kifaa ajionee mwenyewe jeuri yake. Alivaa ile lenzi yake ya jicho moja, akakifungua kikombe, akatazama kwa muda wa kutunga sindano. Akauliza, "Fundi mwenzangu, hizi ncha umeziacha ndefu za nini?" Nikamwambia ni akiba. Kisha akasema, kwa sauti ya kumpa mtu pole, "Zinagusa ukuta. Hii ni shoti. Kama kingekuwa kile kisicho na ubongo, sasa hivi tungekuwa tunatafuta vidole vyako chini ya meza." Akachukua mkasi wangu mdogo, akakata akiba yangu pande zote mbili, akanirudishia.

Nikabonyeza. Taa nyeupe. Koili ikawa nyekundu, ikafanya sss. Kifaa ni kizima, Ndugu Mhariri. Kilikuwa kizima siku zote ishirini na tatu, kikinikatalia kwa faida yangu. Mganga hajigangi. Nilikuwa nimekwisha kukisogeza mdomoni.

Ndipo tuliposikia kitu kizito kinapandishwa ngazini, kinagonga kidato baada ya kidato. Alikuwa fundi viatu, kabeba mashine ya kushonea begani, na nyuma yake mke wangu ameshika kikapu cha vifungo. Fundi viatu, katika kunisengenya kwa hasira yake, alimweleza kila kitu: kwamba kile kidude changu kimekufa tangu kilipofika, na kwamba wiki tatu sasa napanda ngazi kama mwanafunzi aliyechelewa. Mke wangu hakunisalimia kwanza. Alisimama mlangoni akavuta pumzi moja ndefu, ya kupima. Akaja akanusa ukosi wa shati langu. Kisha akamwonyesha fundi viatu aiweke mashine mahali pake, pale ambapo alama za miguu yake minne hazijafutika sakafuni.

Akauliza, "Baba watoto, kile kidude kimekufa kweli?"

Nikamtazama fundi redio. Fundi redio akatazama dari. Kifaa nilikuwa nimekwisha kukitumbukiza mfukoni, bado kina joto.

Nikasema kimekufa. Akaniomba bobini ya uzi mweusi, akaanza kazi, na tangu hapo hajauliza tena. Naandika haya nimempa mgongo ili asione uso wangu, maana sijawahi kufurahi hivi, na sina namna ya kueleza nafurahia nini.

Kwa hiyo futa malalamiko yote, la kwanza hadi la nane. Andika nyota tano. Vile viwili nilivyoomba msivitume, na kile cha zamani katibu aendelee kukifungia. Cheti nimekishusha. Betri nimempa fundi redio, ameiweka kwenye tochi. Mkimtuma mtu kuchukua kifaa chenu, naomba aje na uso wa msiba, na akiulizwa lolote na yule mama aliyekaa kwenye mashine ya pili, aseme kimeharibika kabisa na hakitengenezeki.