Bodi ya Agnella Iliyoungua

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mashine ya kudarizi ya Agnella imezima. Nimeitwa mimi, Marselino, fundi redio. Si Ndaki, fundi wa kinu cha mpunga, anayetembea na mita ya kupimia umeme shingoni kama daktari. Nilivaa shati la kanisani.

Agnella alieleza kuwa ilikuwa ikidarizi njiwa wa kumi na mbili kwenye sare za kwaya ya Michenga. Ikanguruma, ikatoa moshi, basi. Njiwa ana bawa moja. Zimebaki sare kumi na nane, na kwaya inazitaka Jumapili hii, Pentekoste. Ni kazi yake ya kwanza kubwa tangu afiwe na mume. Hakulia. Alinitazama tu. Nikaahidi kesho.

Nilifungua ubavuni. Servo, ile mota inayosogeza kitambaa kwa vipimo, kwa macho ni nzima. Bodi, kile kibao cha vipuri vya umeme kinachoiendesha, ndiyo imeungua. Fyuzi imekatika, transista moja imepasuka kama bisi. Niliibeba bodi kwa mikono miwili, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

Njiani nilisimama kutazama mpunga ulioanikwa kwenye maturubai. Manjano tupu, na juu yake yangeyange weupe wakielea kuelekea mtoni. Niliona harusi. Agnella katika gauni alilolidarizi mwenyewe. Nilipozinduka, mbuzi alikuwa anailamba bodi.

Jumanne, 3 Juni

Mpango: transista kutoka kwenye amplifaya yangu ya zamani. Nyeusi, miguu mitatu, pacha kabisa. Namba hazifanani, lakini namba ni za watu wenye mashaka. Nimelehemu. Fyuzi sikuwa nayo, nikaweka kipande cha waya.

Agnella alinipikia chai na vitumbua. Akauliza kama nimepima kujua nini kiliiunguza. Nikamjibu kwamba fundi mzoefu hupima kwa moyo. Nikawasha.

Mlio mmoja, kama mhogo mkavu ukivunjwa. Sasa zimepasuka transista nne, na umeme umekatika mpaka kwa jirani. Vitumbua nilivimalizia nje, kwenye benchi, peke yangu. Upepo ulikuwa mzuri.

Jumatano, 4 Juni

Agnella ameanza kudarizi kwa mkono. Njiwa mmoja, nusu siku. Siku hazitoshi, hata mimi naona. Akasema kwa upole kuwa atamwita Ndaki.

Mpango: nimfikie Ndaki kwanza. Nimwambie bodi ni ya redio ya mteja wangu. Yeye aitengeneze, mimi niirudishe.

Nilimkuta kinuni, mweupe kwa vumbi la pumba. Aliigeuza bodi mara mbili.

"Fundi," akasema, "redio haina servo."

Akauliza kama ni ya Agnella. Nikakubali. Hakucheka. Ingekuwa afadhali acheke.

Alhamisi, 5 Juni

Ndaki amekuja na mita yake. Amepima kila kitu, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Ametoa transista zote, hata zile zilizoonekana nzima, pamoja na kile kidude kinachoziamuru. Alisema transista mpya juu ya kidude kibovu huungua siku hiyohiyo. Vipuri, vyenye namba zilezile, alivitoa kwenye bodi iliyotupwa kinuni.

Kisha akapima kebo ya mota. Panya walikuwa wameitafuna kwenye kona, nyaya mbili zikagusana. Hiyo ndiyo iliyoua bodi, akasema, na ingeua hata mpya. Alisema bila kunitazama. Nilimshukuru moyoni kwa hilo.

Alipobadilisha kebo hakuwasha moja kwa moja. Aliunganisha balbu katikati ya umeme na mashine. Ikiwaka kwa nguvu, bado kuna nyaya zinazogusana. Iliwaka, ikafifia, ikabaki wekundu mdogo wa makaa. Nikazama kwa mawazo ndani ya wekundu ule. Kulikuwa na mto, na mimi na Agnella kwenye mtumbwi, hakuna anayepiga kasia.

Agnella alinigusa bega. Akasema naweza kuiachia kebo mbovu niliyoikumbatia, wamemaliza zamani. Mota ilikuwa inaimba. Njiwa wa kumi na mbili amepata bawa la pili. Limekaa chini kidogo, lakini ataruka.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Njiwa thelathini kwenye vifua thelathini, wakipanda na kushuka kwa pumzi za waimbaji. Agnella alikaa benchi moja na Ndaki. Walitumia kitabu kimoja cha nyimbo. Nilitazama dirishani kwa muda mrefu.

Baada ya misa Agnella alinijia. "Asante kwa kumleta Ndaki," akasema, na alimaanisha kweli. Nikasema karibu.

Ndipo Beatus, mfanyabiashara wa mchele kutoka Malinyi, akauliza ni fundi gani aliyefufua ile mashine. Nilifungua mdomo niseme Ndaki. Kweli kabisa, nilikusudia. Ila Beatus alikuwa ameshanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Ana mashine ya kuchagua mchele kwa kamera. Imezima, na wakulima wamepanga magunia nje wakisubiri. Sijawahi kuiona mashine ya namna hiyo. Nikamwambia nimetengeneza nyingi. Akampigia mwendeshaji wake, binti aitwaye Careen, anieleze ugonjwa wa mashine.

Careen ana sauti ya polepole, kama maji ya Mto Kilombero wakati wa kiangazi. Alieleza kwa kirefu. Sikusikia neno hata moja kuhusu mashine. Naondoka kesho kwa basi la kwanza.