Kuhusu Kitanda cha Mtoto Kilichokutwa Kwenye Banda la Kuku

Shambani, kusini ya Turffontein,
Johannesburg.
Jumatatu asubuhi.

Kwa Bwana Égide,
Mratibu, Shirika la Kuasili Watoto wa Ng'ambo,
Bertrams.

Ndugu Mratibu,

Salaam nyingi zikufikie hapo mezani kwako. Huku shambani mimi ni mzima, mume wangu Bakiri ni mzima, kuku ni wazima, na bata bukini wetu ni mzima kupita kiasi, kama Bi Jocelyne, mkaguzi wako, atakavyoshuhudia. Mgonjwa wetu ni mmoja tu, faili letu, ambalo limelazwa ofisini kwako mwaka wa tatu huu bila hata kugeuzwa ubavu.

Nimepokea barua yako ya wiki iliyopita. Inasema nyumba yetu "bado ina shaka", na shaka hiyo isipoondoka kabla ya mwisho wa mwezi, faili litafungwa nasi tutaanza upya: foleni mpya, fomu mpya, picha mpya za pasipoti. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikampa Bakiri aisome kwa sauti, labda ingebadilika. Haikubadilika. Mtoto tunayemngoja anaitwa Mayasa, yuko kwenye nyumba ya watoto huko Tanga nilikozaliwa mimi. Tulipoonyeshwa picha yake mara ya kwanza alikuwa na miaka miwili. Sasa ana mitano, na kila Ijumaa ananiuliza kwenye simu, "Mama Zuhura, nakuja lini?" Jibu liko kwenye droo yako. Ndiyo sababu nashika kalamu, kwa heshima zote, nilalamike kwa namba ili usipotee njia.

1. Ripoti ya ukaguzi wa pili inasema, nanukuu, "Mtoto ameandaliwa kulala kwenye banda la kuku." Astaghfirullah! Naomba nikueleze tangu mwanzo, maana jambo hili ukilisikia nusu nusu, hata mimi ningejinyima mtoto.

Bi Jocelyne alipokuja mara ya kwanza alikuta chumba kitupu kimefagiliwa, basi. Hakuna kitanda, hakuna gauni, hakuna mdoli. Akaandika kwamba familia "haionyeshi dalili za kumngoja mtoto". Sisi! Mimi ninayelala na simu chini ya mto! Lakini Ndugu Mratibu, wewe nawe umelelewa na watu, unajua. Wahenga walisema usinunue mbeleko kabla mtoto hajazaliwa. Shangazi yangu Mwanaasha, aliyenilea na ambaye sasa anakaa Turffontein, ameniapia kwamba kitu cha mtoto kikiingia chini ya paa la nyumba kabla ya mtoto mwenyewe, huko ni kumtangulia Mungu, na mtoto hafiki. Na shangazi si mtu wa kubishana naye. Siku ya harusi yangu alikataa pilau lisiinjikwe mpaka bwana harusi aonekane kwa macho, tukala saa kumi na moja jioni.

Basi nikabanwa kotekote. Ofisi yako inataka kitanda kiwepo, shangazi anataka kitanda kisiwepo. Bakiri, ambaye ni mtu wa amani, akayapima maneno ya shangazi akaona kasema "paa la nyumba", hakutaja paa jingine. Paa jingine tulilo nalo ni la banda la kuku. Tukawahamisha kuku, tukasugua banda kwa sabuni siku mbili, tukapaka rangi, tukaweka kitanda, chandarua, blanketi la waridi, magauni manne na mdoli. Siku Mayasa akivuka kizingiti cha nyumba, kitanda kinamfuata nyuma, hatua thelathini tu. Kila mtu kapata haki yake, wewe na shangazi.

Wasioridhika ni kuku. Siku ya ukaguzi wa pili mmoja wao alirudi kwao kupitia dirishani, akataga kwenye mto. Bi Jocelyne akafungua mlango, akaona kitanda, mto, kuku na yai. "Mama Zuhura," akaniambia, "mutoto atalala na makuku?" Nikamweleza habari yote ya mbeleko. Akanitazama kwa huruma, akaandika mstari mmoja. Mstari huo ndio unaotuua mpaka leo.

2. Swali la kumi na tisa la fomu yenu linataka "majina na umri wa wanyama wote wanaofugwa nyumbani". Sisi ni watu wa kutii. Bakiri alikaa na daftari siku tatu, akawapa majina kuku wote sitini na nane, mengi yakiwa ya wateja wetu wa Yeoville wanaonunua mayai na mchicha. Fomu ikarudi baada ya miezi minne: kuku namba 31 na kuku namba 54 wote wanaitwa Victorine, "tafadhali fafanueni". Tumefafanua. Mmoja ni Victorine wa saluni, mwingine ni Victorine fundi cherehani. Huyo wa saluni, yaani kuku, tulimchinja Idi, kwa hiyo fomu ina kosa tena na ninaogopa kuwaambia.

3. Swali la ishirini na mbili: "Jina jipya la mtoto." Tuliandika Mayasa binti Suhaib. Fomu ikarudi, eti hilo ni jina la zamani. Ndiyo, ni la zamani, ni lake! Suhaib ni marehemu baba yake mzazi. Dini yetu inatufundisha tumlee mtoto bila kumfuta baba yake, na mimi nataka kumpa kitanda na uji, sitaki kumnyang'anya marehemu wa watu binti yake. Nimelijaza jina lile lile mara tatu. Nitalijaza na ya nne.

4. Sasa nakuja kwenye viatu, na hapa naomba ukae vizuri.

Kila miezi sita walezi wa Tanga humsimamisha Mayasa juu ya karatasi, huuchora mguu wake kwa kalamu, kisha huniletea karatasi hiyo kupitia ofisi yako, kwa kuwa kanuni inasema kila karatasi ya mtoto lazima ipigwe mhuri. Mhuri huchukua miezi mitano. Mimi karatasi ikinifikia naikimbiza mjini, nanunua viatu, na kabla mwezi haujaisha mtoto anachorwa tena, mguu umekwisha kukua. Mguu hausubiri mhuri, Ndugu Mratibu. Nina jozi sita sasa, zimepangwa kwenye ubao ule walipokuwa wanalala kuku, kuanzia ndogo hadi kubwa, hata moja haijakanyaga chini. Jozi ya kwanza inaenea kwenye kiganja changu. Kila nikizifuta vumbi nalia, nasema wazi, sioni haya.

Kwa kuwa nimeona kila kitu hapa duniani kinatii barua zako, naomba uandike moja kwenda Tanga, kumwagiza Mayasa asikue mpaka taratibu zikamilike. Nakala uupe mguu.

5. Katika ukaguzi wa tatu, mwezi uliopita, Bi Jocelyne alikuja bila taarifa, siku ambayo mimi na Bakiri tulikuwa Yeoville na mzigo wa mchicha. Alishukia kwenye robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, akatembea mpaka getini na viatu vyake vya visigino, akapokelewa na Meneja, ndiye huyo bata bukini wetu. Meneja hana ubaya na mtu, ila hapendi mikoba. Bi Jocelyne akavunja kisigino akikimbilia mlango uliokuwa karibu, ukawa wa bandani. Meneja akasimama nje, akalinda.

Tuliporudi saa nane mchana tukamkuta mkaguzi wako amelala fofofo kwenye kitanda cha mtoto, miguu imekunjwa, chandarua kimeshushwa, mdoli yuko kwapani. Tulimwacha. Bakiri alimtoa Meneja kwa kumbembeleza, nami nikachemsha chai. Alipoamka alijinyoosha, akasema, "Eish, mama, nimesinzia kidogo tu," kisha akauliza godoro tulilinunua wapi. Akaniaga, "Sharp," yaani mambo safi, akaenda zake.

Malalamiko yangu ni haya: mbona barua yako haisemi neno juu ya usingizi huo? Kuku mmoja kutaga yai moja kumeandikwa. Ofisa mzima kulala saa mbili kumefichwa. Kama banda halifai kulala mtoto, basi lilimfaaje mkaguzi?

6. Nimeona niwakague na nyinyi. Mnisamehe, ila haki ni kwa wote. Wiki iliyopita, nilipokuja kuulizia barua, nilikaa kwenye benchi la ofisi yenu saa tatu nzima, nikawa na nafasi ya kutazama. Ngazi hazina pa kushika. Waya unaning'inia juu ya birika. Hakuna kitanda, hakuna mdoli, hakuna dalili yoyote kwamba familia inamngoja mtu. Na ndani ya kabati, kwa macho yangu, nililiona faili letu, limekandamizwa na mafaili mengine kumi na kitu, pembe zimekunjika, juu yake pamewekwa kikombe.

Faili hilo nalo lina miaka mitatu. Limehamishwa meza hadi meza, kila mtu anasema si lake. Hakuna aliyewahi kulifungua kwa upendo. Nilirudi nyumbani nikamwambia Bakiri, mume wangu, kuna yatima mwingine. Akakubali hapo hapo.

Kwa hiyo, Ndugu Mratibu, baada ya kufikiri kwa kina, naleta maombi rasmi ya kuliasili faili letu. Masharti yote tunayatimiza. Kitanda kipo, na faili halitajali kulala na kuku. Jina tutaliachia lile lile. Halikui, kwa hiyo viatu havitatusumbua. Mkaguzi aliyejaribu kitanda mwenyewe mnaye. Na mkiona nyumba yetu ina shaka hata kwa karatasi, basi tuambieni ni nyumba ya nani hapa Johannesburg isiyo na shaka, tukaombe kuasiliwa sisi, mimi na Bakiri, tuingie humo, kisha mwenye nyumba amchukue Mayasa kama mdogo wetu. Tutakaa kwa adabu. Ila kuku lazima tuje nao.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Sijaandika kwa hasira, nimeandika kwa sababu Ijumaa inakuja na nitaulizwa tena.

Nisalimie wote hapo ofisini: mlinzi wa getini aliyenipa nafasi kwenye benchi, dada wa mhuri, Bi Jocelyne na kisigino chake kilichovunjika, na kikombe kile, nacho nisalimie, ila kitoke juu ya mwanangu. Bakiri anakusalimu. Shangazi Mwanaasha angekusalimu, lakini amesema mpaka mtoto afike.

Nabaki kuwa mlezi mtarajiwa, mwaka wa tatu,
Zuhura, mke wa Bakiri

Baada ya kusaini: Nimeifungua tena bahasha. Bi Jocelyne amepiga simu sasa hivi. Kumbe ripoti ya ukaguzi wa tatu aliiandika wiki tatu zilizopita, ikakaa chini ya kikombe, na wewe umeisaini leo asubuhi. Amenisomea. Ina mstari mmoja: "Nimelala humo mwenyewe, panafaa." Mayasa anapandishwa ndege na mlezi wake, anafika Alhamisi. Alhamisi hii!

Ndugu Mratibu, mbona haraka hivyo? Miaka mitatu, halafu siku tatu? Mapazia sijafua. Sijui uji anaupenda mzito au mwepesi. Na akililia Tanga, nitamwambia nini? Yote niliyoandika juu ya kucheleweshwa nayafuta, nyinyi ni watu makini, mwendo wenu ulikuwa mzuri. Kwa unyenyekevu naomba mtucheleweshe tena, wiki mbili, hata moja, faili likapumzike kidogo chini ya wenzake.

Bakiri amesoma hapo juu na amekaa chini anacheka na kulia. Shangazi Mwanaasha tumempigia, amekuja na teksi, hajavua hata ushungi, ameshika kitanda upande mmoja anakitoa bandani kukiingiza nyumbani, na mtoto bado hajafika! Nimemkumbusha habari ya mbeleko. Ameniambia ninyamaze nishike upande wa pili.

Basi msicheleweshe. Nimejaribu kupima kwa karatasi ya mwisho, na kwa namba ya kiatu ambayo Bi Jocelyne ametajiwa na walezi wa Tanga, hata jozi ya sita haimwenei tena. Mleteni pekupeku. Mguu tutaupima hapa hapa.