Pombe ya Mama Kwenye Chupa

Jumanne, 5 Agosti 2025

Misa ya kumbukumbu ya mama ni Jumapili, kijijini kwetu Matombo. Leo dada Magreth kapiga simu kutoka huko. Nikamwamkia, akaitikia. Akasema hataki turubai wala muziki. Anatamani aonje tena pombe ya mama kabla naye hajamfuata. Nikamwambia ataionja. Tangu mama afe hakuna aliyejaribu kuipika, na aliyekuwa akimchochelea kuni ni mimi.

Jioni nikamweleza Geofrey, mtoto wa mjomba, mwenye baa pale Mkuyuni. Kwetu binamu ni mtani, kwa hiyo mdomo wake hauna breki. Akasema nisijisumbue, yeye atapeleka kreti za bia. Pombe yangu itafaa kuogeshea mbwa. Vizuri. Nitaipeleka kwenye chupa, zenye vizibo, kama yake. Tuone nani ataogesha mbwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepika mapipa matatu: la ndizi, la mtama, na la mahindi kwa wageni wasiojua kitu. Mtaa wetu wote wa Kilakala unanukia kimea. Furaha, mke wangu, kauliza kwa nini pipa moja lisitoshe. Nimemjibu kwamba ndivyo alivyofanya mama. Uongo mtupu. Mama alipika chungu kimoja, akakifunika kwa jani la mgomba, jani limelegea tu. Nilikuwa naweka sikio pale nisikie pombe ikinong'ona. Alikuwa akisema pombe ni mgeni, haifungiwi mlango. Leo nimeweka sikio kwenye pipa, mzee mzima, nikalia. Furaha akadhani ni moshi, nikamwacha adhani hivyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya chupa. Mzee Mwinshehe, jirani anayeuza juisi ya ukwaju, kaniazima mashine yake ya mkono ya kufungia vizibo. Ni mtu wa msikiti, kwa hiyo nilimwambia nami nafunga juisi. Akaniombea baraka, na baraka hazirudishwi.

Tumeanza na ndizi. Furaha kashika faneli, mimi kata ya kuchotea. Pombe inatoa povu, iko hai kabisa. Kwetu hunywewa hivyo hivyo, siku ile ile, ikiwa bado inachemka, kwa sababu wazee hawakuwa na mashine. Tulipofika mtama nilikuwa nimelowa hadi soksi. Tulipofika mahindi sikujua tena chupa ipi ni ipi, maana zote zina rangi ya maji ya mfereji. Nimebandika karatasi kwa kukisia.

Furaha kanikumbusha yale ya mgeni na mlango. Nikamwambia mama alisema vile kwa kuwa hakuwa na vizibo. Akanitazama sana, kisha akahamisha kiti chake mbali na kreti.

Chupa zimejaa sebuleni, zimejipanga kama watoto wa komunio. Mama angeziona! Nimeonja tone. Ni yenyewe. Nimekaa nazo muda mrefu bila kufanya kitu.

Jumapili, 10 Agosti

Sina gari. Imebidi nipande pikapu ya Geofrey, kreti zangu nyuma, juani, zake chini ya turubai. Kacheka njia nzima.

Tulipoipita Mkuyuni barabara ya mawe ikaanza, na chupa ya kwanza ikapasuka. Geofrey akadhani ni tairi, akasimamisha gari, akashuka, akainama kukagua. Ya pili ikamvua kofia. Zikafuata nyingine, kreti baada ya kreti. Geofrey alilala mtaroni na suti yake ya misa, akiniuliza kwa sauti kama mama yangu alikuwa mwanajeshi. Mimi nilikumbatia kreti ya mwisho kuiokoa. Haikuokoka. Ni neema tu sikukatwa.

Nikaingia kanisani nachuruzika pombe. Watu wakanipisha kwenye benchi, wote isipokuwa dada Magreth. Nilimwamkia kwa kunong'ona, nikaanza kumwambia kwamba pombe yote imeishia barabarani, kwamba nimemwangusha. Hakunisikiliza. Alishika mkono wa koti langu, akaupeleka puani, akafumba macho. Akasema mama amekuja. Akakaa hivyo hadi padri akamaliza mahubiri, uso wake kwenye mkono wangu, na koti likalowa upya. Nilikuwa mtoto tena, karibu na chungu. Sikutaka misa iishe.

Baadaye Geofrey akagawa bia zake. Hakunitania hata mara moja. Nilipomtazama, naye alikuwa ananusa kofia yake.

Jumanne, 12 Agosti

Nimerudi mjini bila koti. Dada kakataa nilifue. Kalitundika nyuma ya mlango wake. Kapiga simu leo asubuhi. Anaomba Krismasi niende mapema, nipike kule kwake chungu kimoja, nikifunike kwa jani, tukae pembeni tukisikilize. Nimemkubalia kwa moyo wote.

Nimelifikiria tena suala la vizibo. Kosa ni la Mzee Mwinshehe: mashine yake ni ya ukwaju, haikazi vizuri. Krismasi nitatumia chupa nene zile za shampeni, na waya. Waya mara mbili.