Hakuna Aliyeniaga

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimerudi semina mtu mwingine! Siku nzima ukumbini hapa Chake, soda baridi, feni inazunguka, mkufunzi kutoka Unguja na tai yake shingoni. Mada: uongozi wa biashara na namna ya kubaki na wafanyakazi wako. Nimeandika mpaka mkono umekufa ganzi.

Neno moja limenikaa. Mkufunzi alisema wafanyakazi hawaikimbii kazi, wanamkimbia mkubwa wao. Ukumbi mzima ukatikisa kichwa. Mimi sikutikisa. Mimi nilifikiri. Ikiwa wanamkimbia mkubwa, na mkubwa mwenyewe haonekani, watamkimbia nani?

Elimu hii imenikuta wakati wake. Msimu wa karafuu umefunguliwa, na msimu ukifunguliwa Pemba nzima inapanda mitini. Makarani, mafundi cherehani, waendesha bodaboda. Kinyozi wangu kafunga duka na kichwa changu kakiacha nusu. Na mimi nina biashara ya halua, niliyoachiwa na marehemu baba, na inasimama kwa watu wawili tu. Shaame, anayesonga halua kwenye karai, kijana mwenye mikono ambayo sijaiona kwa mtu mwengine. Na Rahma, anayepakia, anayeuza na anayesema. Shaame akinitoka, mimi nimekwisha. Siwezi kusonga hata uji.

Tena wiki hii! Jumapili Bwana Fakhruddin wa duka la vitambaa anamuoza binti yake Maliha, na halua ya harusi kaniagiza mimi. Hakumuagiza Masoud, mwenye duka la halua la ng'ambo ya barabara, mwenye meno mengi na taa nyingi. Mimi!

Sasa sikiliza. Jioni nafunga mlango, Shaame akanifuata, macho chini. Akasema, "Ami Haroub, nna jambo langu, nataka tukae kitako faragha." Nikamwambia kesho, inshaallah. Najua jambo la faragha la msimu huu. Ni karafuu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeamka na ufumbuzi. Alhamdulillahi!

Enzi za baba, mfanyakazi akitaka kuondoka alikuja akakaa kitako, akasema sababu zake, akaomba radhi. Baba alinung'unika, akatoa radhi, mtu akaenda zake kwa amani. Hakuna hata mmoja aliyetoweka hivi hivi. Mtu aliyelelewa hawezi kula chumvi yako miaka yote halafu aondoke bila ya radhi. Mama yake mwenyewe hatomfungulia mlango. Na Shaame kalelewa.

Basi! Asiponiona, hawezi kuniaga. Asiponiaga, hawezi kuondoka. Nilicheka peke yangu chooni mpaka mke wangu Suhaila akagonga kuuliza nina nini. Nikamwambia ni uongozi. Akaniambia nikimaliza huo uongozi nipite sokoni, samaki hakuna.

Nimeingia kazini kwa mlango wa nyuma na kukaa stoo, kwenye magunia ya sukari. Amri zote nimezitoa kupitia kwa Rahma, kwa tundu la mlango. Halafu nikaandika Maadili ya Kampuni kwa kalamu nene na kumpa ayabandike ukutani: Ukweli. Uwazi. Mlango wa mkubwa uko wazi saa zote. Na kweli uko wazi. Ndani hamna mtu.

Saa za mchana Shaame akaingia stoo kuchukua wanga. Nikachutama. Akachukua gunia lililokuwa mbele yangu! Nikajisogeza nyuma ya jengine. Vumbi la wanga likanipanda puani. Nikapiga chafya ndogo, ya heshima. Akauliza, "Ami, uko humu?" Nikajiziba pua. Rahma akamwambia kwa sauti kavu kuwa mkubwa hayupo, hao ni panya. Mfanyakazi mwaminifu yule.

Siku ya kwanza: hakuna aliyeondoka. Mbinu inafanya kazi.

Jumatano, 10 Septemba

Leo nimejaribu ugonjwa. Niliwaza, mgonjwa hasumbuliwi. Sijui nilifikiri niko nchi gani.

Kabla ya adhuhuri nyumba imejaa! Imamu na watu wa msikitini. Majirani wa mbele, wa nyuma, na wa mtaa wa pili ambao hata siwajui. Rahma na uji wa pilipili manga. Kila mtu kaja kunikagua, kila mtu kaniwekea mkono kwenye paji la uso, kila mtu ana dawa yake. Suhaila anachemsha chai bila kusita na kunitazama kwa jicho ambalo nitalilipia baadaye.

Masoud naye kaja! Kaleta machungwa. Akakaa kitandani kwangu, akanena kwa upole kuwa Shaame ni kijana mzuri, hana baba, anastahili kupata mtu mzima wa kusimama naye. Nikamwambia kijana anaye wa kusimama naye. Akasema basi asimame. Ananichokonoa! Anataka kuniibia mtu wangu mbele ya thermometa!

Rahma akaninong'oneza kuwa Shaame kanunua kanzu mpya na udi, na mimi sina hata habari. Kanzu mpya ya kupandia mkarafuu! Vijana wa siku hizi wana israfu.

Halafu Shaame mwenyewe akatokea mlangoni na madafu mkononi. Akawaomba watu watupishe kidogo. Watu wakaanza kunyanyuka! Nikasema nimebanwa na haja, nikapita jikoni, nikatoka uani, nikaruka ukuta wa jirani na shuka yangu. Kuku walipiga kelele lakini hawakunitaja. Nimekaa bandani mwao mpaka magharibi, na huko bandani nilijisikia kiongozi kwelikweli.

Alhamisi, 11 Septemba

Niko Mkoani, kwa binamu yangu Yussuf. Nimeaga kuwa nina biashara bandarini. Simu nimezima. Hapa Shaame hanipati.

Yussuf kauliza biashara gani. Nikamueleza nadharia yote, kuanzia semina. Alinisikiliza vizuri sana, halafu akauliza kama nimewahi kumuuliza huyo kijana anataka nini. Nimemsamehe. Yeye ni mpakizi wa mizigo, mambo ya uongozi hayajui.

Ijumaa, 12 Septemba

Ushindi! Ushindi mkubwa!

Natoka msikitini baada ya sala, nani namuona? Masoud! Kanzu nyeupe, joho, kilemba, manukato yanatangulia. Yumo garini na wazee wawili wa heshima, wanaelekea Chokocho. Aliponiona akashuka, akanishika mikono yote miwili. Uso umempauka. Akasema hakutarajia kunikuta, na kwamba jambo lile ni haki yangu mimi kwanza, ila nimetafutwa sikuonekana na watu wa Chokocho hawawezi kungojeshwa. Akauliza kama nina kinyongo.

Nikaunganisha mambo papo hapo. Chokocho kuna mashamba. Masoud anakwenda kukodi mikarafuu! Anaiacha halua! Na mimi kila mtu anajua baba yangu alikuwa akikodi mashamba huko, ndiyo maana anasema ni haki yangu. Mpinzani ananiachia soko na ananiomba na ruhusa juu yake.

Nikamkumbatia. Nikamwambia nenda yakhe, radhi zangu zote unazo, lichukue, la kwako. Nikamsomea Fatiha pale pale, wale wazee wakaitikia amin. Macho yalimjaa machozi. Akasema hakujua kuwa mimi ni muungwana kiasi hiki. Kwa kweli hata mimi nilijistaajabia.

Jumapili, 14 Septemba

Nianze wapi.

Asubuhi natia mkono mfukoni kutafuta nauli, nakuta ufunguo wa stoo. Ufunguo! Sukari, samli, wanga, hiliki, vyote vimefungiwa Chake tangu Alhamisi, na mimi nimekaa Mkoani nakula pweza! Na harusi ya Fakhruddin ni leo! Nimerudi njia nzima nikisoma kila dua niliyofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani. Jina la baba linakwenda kuzikwa mbele ya wageni wote wale, na mimi ndiye mzishi.

Nimeingia harusini kwa ubavu, nimejiandaa kutukanwa. Na halua iko! Kila sinia. Nyekundu, inang'ara, lozi juu. Bwana Fakhruddin akanivamia kwa kunikumbatia, akasema tangu azaliwe hajala halua namna ile. Mkewe, Bi Zehra, kaleta salamu kutoka upande wa wanawake kuwa halua ya harusi ya mdogo wa Maliha pia ni yangu. Nikashukuru kwa unyenyekevu. Nilikuwa sijui imetoka wapi.

Rahma, aliyekuwa akigawa masinia, akanieleza, anakula huku anasema. Stoo imefungwa, simu imezimwa, mkubwa hayupo. Wakashauriana na Shaame kuwa aibu haiwezi kumpata Ami Haroub. Wakalibeba karai wakavuka nalo barabara, Masoud akawapa sukari na samli na moto wake, Shaame akasonga mpaka mikono ikamvimba. Vikapu vya halua vimeandikwa jina langu. Masoud mwenyewe alikataa kuandikwa.

Unaona? Mkubwa hayupo, na kazi imekwenda kuliko akiwepo! Huo ndio uongozi. Wangapi pale semina wamefika daraja hii?

Nilikuwa naonja sinia ya pili Rahma alipomalizia. Shaame amekubaliwa. Kwa nani? Kwa Ummi, wa Chokocho. Masoud ndiye aliyekwenda kuposa juzi, amekaa mahali pa baba. Shaame alikuwa ananitafuta tangu Jumatatu kwa hilo. Hakutaka mtu mwengine. Alisema hakumjua baba yake, mtu pekee aliyewahi kumkemea kama mwanawe ni mimi.

Niliweka halua chini. Iliniuma. Iliniuma kifuani, mahali hasa, na nikatamani nilie mbele ya watu na mkono umejaa samli. Tangu Jumatatu! Na mimi niko bandani na kuku.

Rahma hakunihurumia. Akasema lipo na jengine. Masoud amempa Shaame kazi, na chumba cha kukaa na mkewe nyuma ya duka. Shaame amekubali, ila hahami mpaka apate radhi yangu. Rahma naye vilevile. Masoud amewaambia wachukue muda wao, asije akaonekana amemnyang'anya mtu.

Nikainua macho. Shaame huyo anakuja, anapenya baina ya wageni, kanzu mpya, ananitabasamia. Nilitaka kumpa mkono wa kheri. Wallahi nilitaka. Miguu ilikwishapiga hatua kumwendea. Akafungua mdomo, akasema, "Ami, afadhali nimekuona."

Nikatoka kwa mlango wa jikoni.

Jumatano, 17 Septemba

Sitaandika niko wapi, daftari hili likianguka mtu asije akanifuata. Niko juu.

Mkarafuu si mgumu kuupanda ukiwa na sababu. Nimekuja kwenye shamba hili siku ya Jumatatu kujificha, wakanidhani mchumaji, wakanipa kikapu na ngoe ya kuvutia matawi. Sikuwasahihisha. Kiongozi lazima amjue mpinzani wake kwa karibu, na mpinzani wangu miaka yote ni karafuu. Kwa sasa ninamsoma. Naanza alfajiri, nashuka giza likiingia. Mgongo umekufa lakini moyo uko juu.

Nimefanya tathmini ya kampuni nikiwa tawini. Duka langu limefungwa. Karai liko kwa Masoud. Shaame anasonga kwa Masoud, Rahma anauza kwa Masoud, kwa muda tu, wanasema watu, mpaka Ami Haroub aonekane. Lakini je, kuna aliyeniaga? Hakuna! Kuna aliyepewa radhi? Hakuna! Kwa hiyo hakuna aliyeondoka. Ni watu wangu wale, mia kwa mia, na Masoud ananilipia mishahara yao. Kwa lugha ya semina, nimefungua tawi. Msimu mzima wa karafuu na sikupoteza mfanyakazi hata mmoja! Baba hakuwahi kufika hapa.

Harusi ya Shaame ni Ijumaa. Suhaila kanitumia ujumbe kuwa wameniwekea kiti mbele, kando ya Masoud, na Shaame amesema ndoa haifungwi mpaka nifike. Nimeusoma ujumbe mara nyingi. Nitakwenda, inshaallah. Nitasimama nyuma, karibu na mlango, nimvizie akiwa anasomewa hotuba ya nikahi, hapo hawezi kusema chochote.

Jambo moja dogo. Mwenye shamba ananitazama. Binti yake kapita hapa chini na kuwaambia wachumaji kuwa mzee wake anatafuta msimamizi wa shamba zima, mtu wa kudumu, na kwamba hajawahi kuona mchumaji asiyetaka kushuka kama mimi. Halafu akanyanyua kichwa akaniita. Mzee ana jambo lake, anataka tukae kitako faragha baada ya alasiri.

Faragha! Si mtoto mimi. Anataka kunifukuza, na hawezi kunifukuza asiponiona. Nimehamia tawi la juu kabisa, kwenye majani mazito. Yuko hapo chini sasa hivi, na dafu mkononi, anazunguka mti. Ananiita kwa upole.

Simjibu.