Binamu wa Kaburini

Ansgar Dhein alianza kuuza wafu siku alipogundua kwamba walio hai wa Niederkumbach wote wameshamshtukia.

Msimshangae. Kwetu Hunsrück, huku milimani Ujerumani, kaburi ni la kupanga, kama chumba. Muda ukiisha na hakuna wa kulipia tena, jiwe linang'olewa na marehemu anapisha wenzake. Mawe hayo huishia uani kwa Egon, mchonga mawe, yamelaliana kama mikate ya jana. Na kila kiangazi wanatua Wabrazili, vitukuu vya watu waliokimbia njaa hapa na watoto mgongoni, wakiuliza kaburi la babu liko wapi. Wao wanaamini kaburi ni la milele, maskini. Ansgar alikuwa na roho laini mno, hakuweza kuwakatisha tamaa.

Asubuhi hiyo mwenye nyumba wake alikuwa amemwekea sanduku lake ngazini, dalili ya mapenzi kwisha. Alipokuwa amelikalia akitafakari, akamwona mwanamke mnene wa makamo anatoka ofisi ya manispaa huku anajifuta machozi. Mkono mmoja kibuyu cha ile chai ya majani ya kwao Brazili, kwapani mkebe wa bati ameukumbatia kama mtoto mchanga.

Machozi Ansgar hakuyaona. Aliona mkebe.

"Mama, hao makatili wamekufanya nini?" akamuuliza kwa Kireno chake cha kuokoteza kwenye simu.

"Wamesema hawawezi kunisaidia kwa sababu sina ndugu hapa. Naitwa Loiva Rockenbach. Ukoo wa mume wangu Arno ulitoka mji huu. Peter Rockenbach, mkewe na watoto sita, wakapanda meli, basi."

"Rockenbach!" Ansgar akajishika kifua. "Mama yangu mzazi ni Rockenbach!"

Mama yake mzazi ni Schmitz wa Koblenz, lakini ameshafariki na hakuwa na la kusema.

"Kwa hiyo wewe ni..."

"Binamu! Na baba yake Peter, yule mzee aliyebaki akipunga kofia, kaburi lake nalijua. Nipe saa chache tu nikapafyeke, na kidogo cha mfyekaji."

Loiva akatoa noti. Kufikia mchana jiwe la Rockenbach mmoja, seremala aliyeng'olewa juzijuzi, lilikuwa limesimama kwenye pembe tupu ya makaburi. Tarehe zimesagwa, juu limepakwa maziwa lala ili liote ukungu. Maziwa yenyewe yalikuwa bado yanachuruzika. Egon alisimama pembeni na reki, kajifanya mtunza makaburi.

Loiva akapiga magoti, akalia kwa sauti.

Egon akaanza kujikuna shingo. Akanong'ona kwa kilugha chetu cha mlimani, "Ansgar, dhambi hii. Mama wa watu analia kweli."

"Nyamaza wewe," Ansgar akamjibu kwa kilugha hichohicho. "Huyu hata ungemwambia ni kaburi la farasi angelia. Wewe tazama mkebe. Unadhani mtu anavuka bahari amekumbatia bati la biskuti?"

Loiva akanyanyuka, akapenga kamasi. "Arno ametamani mahali hapa maisha yake yote."

"Mbona hukuja naye?" Ansgar akauliza, kwa Kireno sasa.

"Yupo nami." Akaupapasa mkebe. "Humu mna kitu cha thamani kuliko vyote nilivyonavyo, binamu. Nimekuja kukiacha mikononi mwa familia. Ila lazima ndugu asimame mbele ya serikali aseme yeye ni ndugu."

Ansgar akameza mate. "Serikali? Twende hata sasa hivi!"

Manispaa, dirisha la makaburi analikalia Bi Hiltrud Petry, ambaye Ansgar aliwahi kumuuzia dada yake kuku wa mayai wakatokea majogoo watupu. Bi Petry akavaa miwani taratibu.

"Ansgar Dhein. Wewe ni ndugu wa huyu mama?"

"Damu moja."

"Uko tayari kuandikwa hivyo?"

"Bi Hiltrud, unanivunjia heshima. Ukoo ni ukoo!"

"Basi weka sahihi. Hapa. Na hapa. Na hapa chini."

Ansgar hakuwa na mazoea ya kusoma anachosaini. Kwa kawaida yeye ndiye huwaandalia wenzake. Akasaini kwa madaha, akanyoosha mikono yote miwili, na Loiva akampa mkebe.

Ulikuwa mzito kuliko alivyotarajia. Akaung'oa mfuniko.

"Hii... hii nini? Majivu?"

"Taratibu, binamu!" Loiva akasema. "Usimpumulie Arno."

Wala si kwa Kireno alisema hayo. Alisema kwa kilugha cha mlimani, kile kizito cha mabibi zetu, ambacho akina Peter waliondoka nacho kama mbegu mfukoni, na huko kwao bado wanakemea nacho kuku.

"Manispaa walisema hapa anazikwa mkazi au ndugu wa mkazi," akaendelea. "Ndugu sikuwa naye. Nikatoka nje nalia, Mungu akaniletea mwongo."

"Kwa hiyo kule makaburini ulikuwa unasikia..."

"Hata angekuwa farasi ningelia. Farasi hawauzi mababu wa watu."

Bi Petry akagonga mhuri kwa furaha ambayo serikali haijawahi kumlipia. "Ile pembe uliyosimika jiwe ilikuwa tupu, sasa ina mwenyewe. Kodi ya miaka ishirini na tano, maua, palizi. Mlipaji na mtunzaji: ndugu wa karibu. Hongera, Ansgar."

Arno akazikwa na kasisi, Egon akilia kuliko wote.

Kwetu mtu anaweza kusamehewa kuiba, lakini si kuacha magugu juu ya ndugu yake. Wajane hupita kila Jumamosi kukagua. Basi Jumamosi utamkuta Ansgar kapiga magoti, ndoo huku, maua ya begonia kule, wajane wamemsimamia: "Dhein, pale pembeni umepaacha! Binamu gani wewe?"

Kiangazi kilichofuata Mbrazili mmoja wa kofia pana akamwinamia. "Samahani, bwana, natafuta kaburi la babu yangu. Unaweza kunisaidia?"

Ansgar akamtazama kofia, akamtazama mkoba. Kwa mbali wajane wakageuka. Akarudia palizi yake.

"Wa kwangu huyu hapa," akasema. "Wako mtafute mwenyewe."