Isipokuwa Mwanachama Namba Moja

Jumatatu, 3 Machi
Siku kubwa! Mwalimu wa maktaba ametukabidhi, mimi na Rula, programu ya kuazimisha vitabu. Rula ni jirani yangu wa dawati. Hupigia mstari kila kitu, hata tarehe. Ijumaa Mkuu wa shule atakuja kuijaribu, na kati yetu atakayefanya vizuri zaidi atashika ufunguo wa maktaba likizo nzima. Likizo nzima! Kiti cha dirishani, kimya, na hakuna wa kuniuliza mbona sichezi na wenzangu.

Sheria ni moja: mtu asiazime zaidi ya vitabu viwili. Nimeiandika kwenye ukurasa, pale watu wanapobonyeza. Nyuma yake iko hifadhidata, yaani ghala linaloweka orodha ya nani kachukua nini. Ghala halihitaji akili.

Nimeongeza na kijimstari: isipokuwa mwanachama namba moja. Nilijiandikisha wa kwanza. Si wizi. Juzuu ya nne ya hadithi za mpelelezi kiziwi ina nakala moja tu, nayo imeazimwa. Ikirudi nami nina viwili mkononi, je? Bado sijui nani alimtilia mfamasia sumu.

Jumanne, 4 Machi
Maajabu. Mtoto wa kidato cha kwanza ana vitabu sita! Kumbe Rula alitengeneza ukurasa mwingine, mdogo, kwa ajili ya simu ya Mwalimu, na huko sheria yangu haipo. Rula akasema kwa upole (upole wake unachoma) kwamba sheria ikae ghalani, maana kurasa zote hupitia huko. Nikasema nitafikiri.

Nikamuuliza Bibi. Akasema alipotukataza sukari mlangoni mwa jikoni, tulipitia dirishani. Alipolitia kopo la sukari kufuli, nani alionja tena? Nikauliza kama basi kopo ndiyo hifadhidata. Akaniambia nikaoshe sufuria.

Jumatano, 5 Machi
Nimeelewa! Sheria yote nimeihamishia ghalani, pamoja na kijimstari changu. Ukurasa nimeuacha mtupu kabisa, uchape tu: Hongera, chukua kitabu chako.

Saa nne wanafunzi tisa waliokwisha kuchukua viwili wakaja kuomba cha tatu. Ghala likakataa wote. Kimya kimya. Ukurasa ukawapongeza wote. Wakaondoka na vitabu tisa ambavyo ghala linaapa halijaviona vikitoka.

Mwalimu akauliza vitabu viko wapi. Nikasema kwa mujibu wa hifadhidata viko rafuni. Akanishika bega, akanigeuza niitazame rafu.

Rula akaeleza kwamba ghala ndilo liamue, ukurasa usikilize jibu na kumwambia mtu. Akalipigia mstari neno usikilize. Mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Sikulipenda wazo la Rula kwa kuwa ni la Rula. Nimeweka sheria kotekote! Mlangoni na kwenye kopo. Nani atapita?

Mchana Mwalimu akasema wanafunzi wamelalamika, kwa hiyo viwe vitatu. Nikabadilisha ukurasani mara moja. Nilijisikia mhandisi.

Kisha yule wa kidato cha kwanza akaja, akiwa amerudisha vinne kati ya sita vyake. Ukurasa ukamwambia bado ana nafasi ya kitabu kimoja. Akabonyeza. Ghala likasema hana. Akarudi nyuma, ukurasa ukasema anayo. Akabonyeza tena, hana. Akaniuliza, “Kaka, nimsikilize nani?” Nikamwambia avumilie, nami pia nauliza. Rula akainuka, akabadilisha namba kule ghalani, akaketi. Akaipigia mstari ile tatu daftarini mwake. Bora angenisema.

Habari njema: juzuu ya nne imerudishwa!

Ijumaa, 7 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.

Nilipanga kuiazima juzuu yangu mbele ya Mkuu, kama mfano. Vitatu nilikuwa navyo tayari, lakini mimi ni namba moja. Nikabonyeza. Nikakataliwa!

Kumbe asubuhi Mwalimu alikuwa ameiandikisha shule nzima upya, akianza na Mkuu. Kwa heshima. Mimi sasa ni namba 214.

Mkuu akacheka, akasema naye ajaribu. Akachukua viwili. Vitatu. Vinne! Ghala likakubali kila kimoja kwa furaha. Alipofika cha kumi na moja akaipakata juzuu yangu, akasema hata mke wake hupenda mambo ya sumu.

Kisha akaacha kucheka. Asubuhi mstarini alikuwa ametangaza kwamba sheria hii haitabagua mtu, hata yeye. Akauliza nani kampendelea. Rula akafungua sheria, akausoma ule mstari kwa sauti. Nikasema ni heshima kwa Mkuu. Mwalimu akauliza Jumatatu, mstari ulipoandikwa, namba moja alikuwa nani. Nikatazama viatu vyangu. Vilihitaji rangi.

Mkuu akarudisha vitabu vinane, akabaki na vitatu. Juzuu yangu imo.

Ufunguo kapewa Rula.

Jumapili, 9 Machi
Rula alipita nyumbani. Bibi akamkaribisha chai, akampa sukari bila masharti. Rula akasema likizo niende tu maktaba, atanifungulia, na kiti cha dirishani ni changu. Nikamwongezea chai. Akanipa kazi ya adhabu kutoka kwa Mwalimu: niandike mara hamsini kwamba sheria ikae mahali pamoja, na isimpendelee mtu.

Nimeandika zote hamsini papo hapo, Rula akinywa chai. Nimeelewa kabisa. Kosa langu lilikuwa namba. Namba moja kila mtu anaitamani. Nani ataitamani 214? Basi nimerekebisha ghalani, kwa simu ya Bibi: isipokuwa mwanachama namba 214. Mahali pamoja tu, kama nilivyofundishwa.

Wakati wa kuondoka, Rula aliitupia jicho ile simu, akataja kwamba kesho Mwalimu atapanga namba upya kwa alfabeti ya majina, na kwa hesabu ya Rula mwenyewe, 214 itakuwa yake.

Nikampongeza. Sijui kwa nini alinieleza mimi.